Kucha kumi na chupa moja ya rangi



Tulipotangaza humu kwamba Jumamosi tunafundisha kuchora kucha, meseji zilikuja za namna mbili. Za kwanza ni za wadada, wanauliza saa na kama mtu aje na rangi yake. Za pili zilitoka kwa wakaka wachache, pamoja na ndugu yetu mmoja wa shirika ambaye aliuliza kwa heshima kabisa: watu wanakosa unga, ninyi mnapaka kucha? Wakaka tuliwajibu kwa emoji. Huyu mwingine tukaona hawezi kujibiwa kwa mstari mmoja chini ya picha, ndiyo maana leo tunaandika kirefu. Ila tuanze na kazi yenyewe. Unga na kucha vitakutana huko mbele.

Kwa wasiotujua, tuko Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo utakuta Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, na wengi wetu tukikutana sokoni tunaelewana kwa Kiswahili, kila mtu na chake. Kwa hiyo hata jina la kitu hiki lina ubishi. Sisi tuliotoka Kongo tunasema verni. Wenyeji na waliopitia Kenya wanasema Cutex, jina la kampuni ya Marekani ambalo limegeuka kuwa jina la kila chupa, hata kama chupa yenyewe imetoka China. Wengine wanasema rangi ya kucha. Tutatumia hilo la mwisho ili tusigombane.

Video nyingi za kuchora kucha nyumbani zinatengenezwa na mtu mwenye meza nyeupe, taa kali, na kisanduku cha vifaa thelathini. Kwetu nyumbani ni chumba cha udongo, mwanga unaingia mlangoni, na maji yanahesabiwa kwa jerikani. Kwa hiyo video za jeli tumeziacha kabisa. Jeli haikauki kwa hewa, inataka taa yake maalumu, na sola zetu zikichaji simu mbili tunashukuru Mungu. Rangi ya kawaida, ile ya chupa ndogo, inakauka yenyewe. Ndani yake kuna kitu kama plastiki iliyoyeyushwa kwenye dawa, na ile harufu kali unayoisikia ndiyo dawa inaruka hewani. Dawa ikiisha kuruka, plastiki inabaki imeshika ukucha. Ukielewa hilo umeelewa nusu ya kazi. Ukipaka nene, juu panakauka haraka na kufunga, chini panabaki majimaji, halafu unashika sufuria mara moja tu na yote inakunjamana kama utando wa maziwa. Paka tabaka jembamba, subiri, paka la pili. Wale wanaochovya vidole kwenye maji baridi ili rangi ikauke, sawa, inasaidia juu juu, lakini usidanganyike ukaenda kufua.

Kabla ya rangi kuna kunawa. Wengi wetu tunatoka shambani na udongo umeingia chini ya kucha, kwa hiyo sabuni na maji, halafu subiri mikono ikauke vizuri. Ukucha unakunywa maji na kuvimba kidogo, ukipaka hapohapo rangi itabanduka siku ya pili. Ile ngozi nyembamba kwenye shina la ukucha usiikate. Inafunga njia ili vidudu visiingie. Isukume tu taratibu kwa kidole kilichopakwa mafuta kidogo, kisha futa mafuta yote, maana rangi haishiki penye mafuta. Na wembe, jamani, kila mtu wa kwake. Hapa hatufanyi utani. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza, na tone la damu kwenye wembe huwezi hata kuliona. Anayekuja bila wembe wala kikata kucha chake anapakwa kucha zilivyo, ndefu au fupi.

Kama rangi yako ni nyekundu au ya giza, tanguliza tabaka moja la ile isiyo na rangi, kwa sababu nyekundu ikikaa wiki inaacha ukucha na umanjano. Kama huna, basi, umanjano utaondoka ukucha unavyoota.

Sasa michoro. Tunaanza na nukta kwa kila mtu, hata anayesema mkono wake unatetemeka. Kifaa ni biki iliyoisha wino, au kichwa cha pini, au njiti ya kiberiti. Dondosha rangi kidogo juu ya kifuniko cha plastiki, chovya ncha, gusa ukucha, inua. Ukichovya mara moja ukagusa mara tatu, nukta ya kwanza itakuwa kubwa, ya pili ndogo, ya tatu ndogo zaidi, na hiyo yenyewe tayari ni mchoro. Ukitaka zilingane, chovya kila mara. Nukta tano kuzunguka moja ni ua. Nukta mbili zilizoshikana ukizivuta kwenda chini kwa kijiti cha meno, umepata moyo. Wadada wa miaka 13 na 14 wakifika kwenye moyo hawataki tena kuendelea na somo, wanataka mioyo vidole vyote, na sisi tunawaacha.

Mistari inahitaji selotepu na subira. Rangi ya chini lazima iwe imekauka kabisa, na kukauka kabisa maana yake si dakika tano. Sisi tunapaka ya chini jioni na kuweka mistari kesho yake. Kata selotepu vipande vyembamba, bandika kwanza nyuma ya kiganja ili ipunguze gundi, halafu bandika kwenye ukucha, paka rangi ya pili, na uitoe selotepu wakati rangi bado mbichi. Ukisubiri ikauke, itang'oka pamoja na kingo. Kama selotepu ya dukani ni ghali, ile plasta nyeupe ya kidonda nayo inafanya kazi, ila ina gundi nyingi.

Kuna ile ya rangi mbili kuingiana bila mpaka, kama anga la jioni. Hiyo ni kipande cha sponji ya godoro, kilowanishwe kidogo na kukamuliwa, unapaka rangi mbili ubavuni kwa ubavu juu ya sponji, unagonga gonga ukucha. Inachafua kidole chote, lakini inasafishika. Ile ya kudondosha rangi ndani ya bakuli la maji na kuzamisha kidole, tuliijaribu mara moja. Inapendeza, lakini inakula rangi na maji, na hapa tunaona ni matumizi mabaya ya vyote viwili.

Tunayoipenda sisi ni ya nailoni. Unachukua kaveera safi, ile mifuko ya sokoni, unaitandaza juu ya kitu kigumu na kubana kingo. Unachora maua yako au mistari yako juu ya nailoni, si juu ya ukucha. Paka kwanza tabaka la rangi isiyo na rangi, chora juu yake, acha ikauke usiku kucha. Asubuhi mchoro unabanduka kama stika. Unapaka ukucha tabaka jembamba, kabla halijakauka vizuri unalaza mchoro juu yake, unabonyeza kutoka katikati kwenda pembeni, unapunguza kilichozidi, unafunga juu na isiyo na rangi. Faida yake ya kwanza kila mtu anaijua: anayetumia mkono wa kulia hawezi kujichora vizuri mkono wa kulia. Faida ya pili ni kwamba mtu mmoja mwenye mkono mzuri anaweza kukaa usiku akachora michoro ya watu kumi. Na faida ya tatu ilitumaliza ugomvi ambao ulikuwa karibu kutufungia banda.

Ugomvi ulikuwa hivi. Sisi wajitolea wa kikundi wengi ni wavulana. Kampala kwa mfano utaona vijana wa kiume wanazunguka sokoni na vikapu vya rangi, wanapaka wateja wakiwa wamekaa kwenye vibanda vyao, hakuna anayeshangaa. Hata kwetu Kongo kazi hiyo vijana wanaifanya. Lakini huku makazini mtu ana mke wake, na hapendi kusikia kwamba kijana fulani alimshika mkono robo saa akimpulizia vidole. Mzee mmoja alikuja bandani kutuuliza tunatafuta nini kwa wake za watu. Hakupiga kelele, aliuliza tu, na hiyo ilitutisha zaidi. Kwa kuwa michoro ya nailoni mtu anaichora peke yake kwake, tukagawana: wavulana wanachora usiku, wadada wanabandika mchana. Yule mzee sasa binti zake wawili wanakuja. Yeye mwenyewe akipita anaangalia nailoni zetu zikikauka na kusema kazi ya subira hii.

Michoro tunaitoa kwetu. Vitenge vipo kila nyumba, angalia tu kanga au kitenge cha mama yako na uchukue kona moja. Wenzetu Wanyarwanda walileta imigongo, ile sanaa ya kwao inayotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe, yenye pembe-pembe za nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kwa selotepu inatoka vizuri sana, na inahitaji chupa tatu tu, tena rangi ambazo kila muuzaji anazo. Wakongo wakajibu na mistari ya vitambaa vya Wakuba wa Kasai, vile vya nyuzi za mnazi-mwitu ambavyo mistari yake inakatika na kuanza upya bila kukuambia. Hiyo ni ngumu. Mpaka leo anayeiweza ni mmoja, na anajua kwamba anajulikana.

Wadada wa Kisomali walitufundisha jambo ambalo hatukulijua. Rangi ya kucha inafunika ukucha na kuzuia maji ya udhu, kwa hiyo wengi wao wanapaka tu siku ambazo hawaswali, au wanatumia hina, kwa sababu hina inaingia ndani ya ukucha na haifuniki kitu. Basi nasi tukaweka siku ya hina, na wao ndio walimu. Neno moja tu la tahadhari: hina ya kweli inatoka rangi ya chungwa na kuelekea hudhurungi, inachukua saa nyingi. Ukiambiwa ni hina lakini inatoka nyeusi tii ndani ya muda mfupi, hiyo ni piko, yaani dawa ya kupaka nywele nyeusi. Kwenye ngozi inaweza kuleta malengelenge na makovu. Tumeyaona mkononi kwa mtoto.

Na kwa mama wajawazito waliokaribia kujifungua, tunawaomba waende kituo cha afya na kucha tupu. Muuguzi anaangalia kucha kujua kama damu imepungua, na kile kifaa kinachobana kidole kupima hewa kinaweza kusumbuliwa na rangi ya giza.

Sasa pesa, ili tuufikie ule unga. Chupa moja tuliinunua sokoni kwa shilingi 2,000. Tuliamua kuihesabu, kila aliyepakwa tukaandika kwenye daftari. Ilipaka watu 14, mikono yote miwili, matabaka mawili. Haifiki shilingi 150 kwa mtu. Chapati moja hapa ni 500. Kwa maneno mengine, mama akijinyima chapati moja, yeye na binti zake wawili wamepakwa, na rangi ikitunzwa inakaa wiki.

Lakini ndugu yetu wa shirika hakuuliza bei. Aliuliza jambo ambalo watu wote hapa wanajiuliza kimoyomoyo: mtu mwenye kucha zilizopakwa, anahitaji msaada kweli?

Mwaka 2023 kaya za wakimbizi hapa Uganda ziligawanywa makundi 3 kufuatana na uhitaji, na kundi la 3 likaacha kupata mgao. Mwaka 2025 wengi zaidi wakatolewa. Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika mnayajua haya kutoka kwenye orodha. Sisi tunayajua kutoka mlangoni. Tangu wakati huo watu wanaishi kama wanaoangaliwa. Ikisikika timu ya uhakiki inapita, mwenye viti viwili vya plastiki anapeleka kimoja kwa jirani. Kijana anavua viatu alivyotumiwa na kaka yake na kuvaa ndala. Mwenye redio anaifunika. Na wadada wanafuta kucha.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona karatasi inayosema kwamba rangi ya kucha inamtoa mtu kwenye mgao. Wenzetu waliowahi kutembea na timu kama wakalimani wanasema kwenye maswali hakuna kucha. Ila hofu haisubiri karatasi. Inatosha mtu mmoja aseme pale bombani kwamba fulani alitolewa kwa sababu alionekana maridadi, basi mpaka jioni mtaa mzima umeshasikia, na hakuna wa kuwaambia vinginevyo.

Mama mmoja wa upande wetu ana watoto 5. Analima mashamba ya watu, analipwa kwa siku. Binti yake wa miaka 16 alikuwa mwanafunzi wetu wa Jumamosi, mwepesi wa kushika, ndiye aliyeanza kutengeneza maua ya rangi mbili. Jumapili moja akamshika mama yake akamchora nukta nyeupe juu ya nyekundu. Binti alituambia mama yake alikuwa hajapakwa tangu walipovuka mpaka pale Bunagana, na kwamba kanisani alishika kitabu kwa namna ya kuonyesha vidole. Tulicheka naye.

Jumatatu usiku jirani akaja: "Mama, ficha mikono. Wanapita kesho asubuhi, watakuona tajiri." Asetoni nyumbani haikuwepo, na duka limefungwa. Mama akachukua wembe, akakaa karibu na kitochi cha simu, akaanza kukwangua kidole kimoja kimoja. Kidole gumba cha kulia wembe uliteleza ukaingia chini ya ukucha. Alikifunga kitambaa. Asubuhi timu haikupita. Kumbe ilikuwa imekwenda upande mwingine wa makazi.

Kidole kikavimba, kikatunga usaha, ile ambayo watu wanaita mdudu kidole. Alikaa siku kumi bila kushika jembe, na kwa anayelipwa kwa siku mnajua maana yake. Kituo cha afya walikipasua na kumpa dawa, kikapona, ila ukucha ukatoka wote. Binti aliacha kuja kwa wiki tatu. Tulipomfuata nyumbani hakutaka kuongea na sisi wavulana, akaongea na dada mmoja wa kikundi: aliona kwamba ni yeye aliyemkata mama yake.

Tangu siku ile somo la kwanza bandani limekuwa kutoa rangi, kabla hatujafungua chupa yoyote. Tunaliandika hapa ili liwafikie na wasiokuja. Usikwangue, si kwa wembe, si kwa kisu, si kwa meno. Ukiwa na asetoni, lowanisha pamba, ilaze juu ya ukucha, hesabu mpaka ishirini, halafu vuta kuelekea ncha. Fanya mlangoni au nje, mbali kabisa na jiko la makaa na mshumaa, maana mvuke wake unashika moto. Chupa iwekwe mbali na watoto, inafanana na maji. Ukiwa huna asetoni, chukua rangi yoyote ya kucha, hata ile iliyobaki chini ya chupa, paka juu ya rangi ya zamani, na kabla haijakauka futa kwa nguvu na kitambaa. Dawa iliyomo kwenye rangi mpya inalainisha ile ya zamani na zote mbili zinatoka pamoja. Rudia mara mbili. Haitoki safi kama ya asetoni, itabaki kidogo pembeni, lakini hakuna damu. Kama mama yule angelijua hili usiku ule, chupa ya binti yake ilikuwa palepale rafuni.

Wengine wamepata njia zao. Kuna wanaopaka vidole vya miguu tu na kuvaa viatu vya kufunika. Kuna wanaopaka isiyo na rangi, inayong'aa kidogo, ambayo ukiulizwa unasema ni mafuta. Tunawaelewa. Lakini inatuuma kufundisha mtu kuchora ua halafu kumfundisha na mahali pa kulificha.

Ndugu yetu wa shirika, hatukulaumu kwa swali lako, umeuliza waziwazi na wengine wanauliza kwa macho. Jibu letu ni kwamba kucha za mtu hazikuambii kitu kuhusu debe lake la unga. Ukitaka kujua kama nyumba ina chakula, uliza watoto walikula nini jana. Geuza mkono wa yule mama uangalie kiganja, kina sugu za jembe kila kidole. Rangi ya shilingi 150 iko upande wa pili wa mkono huohuo. Tena mara nyingi hata hiyo 150 hakuitoa yeye, ilitoka kwenye chupa ya kikundi, au kwa mtoto wake anayejifunza kazi.

Maana ni kazi pia, hilo tusilisahau. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na wadada watatu wa kikundi tayari wanapaka kwa pesa siku za soko na wakati wa harusi: 1,000 rangi tupu, 1,500 na michoro. Wanapata sabuni, wanapata pedi, mmoja alinunulia mdogo wake madaftari. Na wao wenyewe, wakirudi kutoka kupaka kucha za maharusi, wanakuja nyumbani na kucha tupu. Tuliwauliza kwa nini, wakatuangalia kama wajinga.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja kwa ninyi mnaopita nyumba kwa nyumba au mnaowapanga wanaopita. Kabla ya swali la kwanza, semeni mlangoni kwamba nguo, nywele, viatu na kucha hazimo kwenye fomu. Sentensi moja. Kama hazimo kweli, haiwagharimu kitu. Na kama zimo, basi tuambieni, tuache kufundisha watu maua tuwafundishe kufuta tu.

Binti amerudi. Hachori tena kwa haraka kama mwanzo, anauliza mara mbili mbili kama ngozi imekauka, kama wembe ni wa mwenyewe. Ukucha wa mkono unaota kama milimita 3 kwa mwezi, na gumba la mama yake limefika katikati, linaota limenyooka. Mama amemwambia likimaliza anataka zile pembe-pembe za Kinyarwanda, nyekundu na nyeusi, vidole vyote kumi. Binti akamkumbusha kwamba uhakiki unaweza kuangukia wiki hiyohiyo. Mama akasema uanguke.